PSA ya baba (kipimo cha damu cha tezi dume) imesoma 14.2, mkojo una protini ++, nyumbani tayari wanalia. Wenye uelewa naombeni msaada

mwana_ngamiani

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi hapa Tanga, sijalala tangu juzi kwahiyo mnivumilie.

Mzee wangu ana miaka 69. Jumamosi usiku mkojo ulimbana, anaenda chooni anarudi, anaenda anarudi, matone tu, mpaka alfajiri kibofu kimeinuka chini ya kitovu unakiona kwa macho kama mtu kaficha dafu chini ya shuka. Tukambeba kwa bajaji, wakamwekea mpira wa mkojo, ikatoka lita moja na kidogo, ya rangi ya chai ya rangi, na mzee akashusha pumzi ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Sasa kesho yake asubuhi wakachukua damu na mkojo. Majibu: PSA 14.2, kwenye karatasi pembeni imeandikwa mwisho 4. Mkojo: protini ++, damu +++, seli nyeupe ++. Kreatinini 168. Aliyenipa karatasi kanikabidhi tu, daktari wa zamu alikuwa katoka, sijapata wa kunifafanulia.

Karatasi ilipofika nyumbani shangazi akaona 14.2 na 4, akaingia kwenye simu akatafuta, akasoma saratani, ikawa ndio basi. Kapiga simu Mombasa, kapiga Dar, kuna watu wanapanga kuja. Mama hali. Mzee mwenyewe hajui kitu, ananiuliza baiskeli yake ameifunga nani.

Historia yake: hana sukari, presha anayo kidogo, anakunywa dawa akikumbuka. Miaka kama mitatu anaamka usiku mara nne mara tano kukojoa, anasema uzee. Kakulia mashamba ya mkonge kule Muheza, utotoni walikuwa wanaoga bwawani kila siku na anasema walikuwa wanakojoa damu wengi tu wakaambiana ndio unakuwa mwanaume. Kila siku anaendesha baiskeli kwenda Deep Sea kuchukua samaki.

Naomba kujua mambo mawili. PSA 14 ni saratani tayari? Na hiyo protini kwenye mkojo ndio figo zimekufa?

dada_wa_maabara

Pole sana kaka, na mpe mama pole. Mimi nafanya kazi maabara, vipimo hivi napima kila siku, ngoja nikueleze taratibu na ukitoka hapa kamwambie shangazi azime simu kwanza.

PSA haitengenezwi na saratani peke yake. Ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, tezi nzima ya mtu mzima mwenye afya, kazi yake ni kuyafanya maji ya uzazi ya mwanaume yawe mepesi baada ya kutoka. Ndani ya tezi iko nyingi mno, kwenye damu inapatikana kidogo sana, tunaipima kwa nanogramu. Ichukulie kama mtungi wa maji. Mtungi mzima huwa unatoka jasho kidogo kwa nje, hiyo ndio PSA ya kawaida. Mtungi ukiwa mkubwa unatoka jasho zaidi, ndio mzee ambaye tezi imekua bila saratani. Na mtungi ukipata ufa unavuja, sasa ufa unaweza kuwa uvimbe mbaya, unaweza kuwa maambukizi, unaweza kuwa mkojo kubana ghafla, unaweza kuwa ule mpira uliopita katikati ya tezi. Kipimo kinakwambia maji yamevuja kutoka kwenye tezi dume. Hakikwambii ufa umesababishwa na nini.

Sasa mtazame baba yako siku ile. Mkojo umembana usiku kucha, kaingizwa mpira, ana seli nyeupe kwenye mkojo maana yake huenda kuna maambukizi, halafu siku inayofuata anachukuliwa PSA. Yaani vitu vitatu vinavyopandisha PSA vyote vimekutana ndani ya saa 24. Mimi hiyo 14.2 nisingeipa jina lolote, na inaniuma sana nikiona karatasi kama hiyo imeondoka maabara mikononi mwa ndugu bila mtu kusema neno.

Cha kufanya: atibiwe kwanza, mkojo uoteshwe ijulikane ni mdudu gani na dawa gani inamuua, halafu PSA irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8. PSA ikishatoka kwenye damu inapungua nusu kila siku 2 au 3 hivi, lakini tezi iliyowaka inaendelea kuvuja kwa wiki kadhaa, kwahiyo ukirudia wiki ijayo utajitia presha bure.

Na hiyo 4 iliyoandikwa pembeni nayo ni namba ya jumla tu. Madaktari wengi huangalia na umri, kwa mtu wa miaka 60 hadi 69 hutumia 4.5, wa 70 hadi 79 hutumia 6.5, kwasababu tezi inakua na miaka.

Sisemi hana saratani. Hilo sijui na karatasi hiyo pia haijui. Daktari atampima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, na hicho kipimo wazee wetu wanakikataa kwa aibu, naomba uongee naye wewe kama mwanae wa kiume, kidole kinahisi kama tezi ni laini na imekua sawasawa au ina kigumu kama kokoto. Ni nusu dakika.

Shamba_Pangani

Mdogo wangu mimi nakuonea huruma, mtoeni mzee hospitali haraka kabla hawajamchoma sindano za kukata kinyama cha kupima saratani. Huku kwetu kuna mizizi inachemshwa siku saba, baba mkwe wangu alikunywa na mkojo ukafunguka. Nakwambia kwa nia njema kabisa.

nesi_mstaafu

Shamba_Pangani najua unaongea kwa upendo na baba mkwe wako nafurahi kama yuko salama. Lakini huyu mzee kreatinini yake, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinasafisha vipi, ni 168, figo zimebanwa na mkojo uliorudi juu, na kitu cha kwanza kinachomponya sasa hivi ni ule mpira kuwa wazi. Mizizi yoyote isiyojulikana inapita kwenye figo hizohizo. Nimekaa wodi miaka mingi, waliokuja wamechelewa kwa ajili ya mizizi nimewafunga macho kwa mkono wangu, siwezi kunyamaza kwenye hili.

Mwanangu mwana_ngamiani, wewe kazi yako leo ni kuangalia mfuko wa mkojo. Mfuko uwe chini ya kibofu muda wote ila usiguse sakafu, andika kwenye daftari umetoa kiasi gani na saa ngapi. Mkojo mwingi uliokaa ukishafunguliwa, siku mbili za kwanza mtu anaweza kukojoa sana sana, kwahiyo waambie manesi kama mfuko unajaa haraka. Homa, kutetemeka, au maneno kumchanganya, piga kelele usisubiri daktari apite.

mwanafunzi_tiba

Nigusie la protini maana limerukwa kidogo.

Protini kwenye mkojo si lazima figo zimekufa. Mtu mzima yeyote anakojoa protini, mpaka miligramu 150 hivi kwa siku inahesabika kawaida, na kinachonivutia sana ni kwamba sehemu kubwa ya hiyo ya kawaida figo inaitengeneza yenyewe makusudi. Inaitwa uromodulini. Igor Tamm na Frank Horsfall ndio walioitenga kutoka kwenye mkojo kule New York mwaka 1950, walikuwa wanatafuta kitu kinachozuia virusi vya mafua kushikamanisha seli za damu, wakaikuta kwenye mkojo. Hii protini inajisuka nyuzi nyuzi ndani ya mkojo, na bakteria wa UTI, hasa wale E. koli, wana vinyweleo vya kung'ang'ania ukuta wa kibofu, sasa wanazishika nyuzi za uromodulini wakidhani ni ukuta, mtu anakojoa wanatoka nao. Panya walioondolewa uwezo wa kuitengeneza walipata UTI kirahisi zaidi. Kwahiyo tukisema neno protini kwenye mkojo tusiogope kabla hatujauliza protini gani.

Kile kikaratasi cha rangi kinachochovywa kinaona zaidi albumini, ambayo ni ya damu, figo nzima haiiachii ipite ila kidogo sana. Lakini kwa mzee wako mkojo ulikuwa na damu +++ na usaha, na damu ikishaingia kwenye mkojo inaingia na albumini yake, popote ilipotoka, hata kama ni mkwaruzo wa mpira tu. Kikaratasi kinageuka kijani, mtu anaandika ++, na figo inasingiziwa. Ndio maana kipimo cha kulinganisha albumini na kreatinini kwenye mkojo kinafanywa damu na maambukizi vikishaisha, mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni salama, ikizidi inarudiwa mpaka miezi mitatu ndipo mtu aseme figo ina ugonjwa wa kudumu. Na kwasababu ana presha asiyoinywea dawa vizuri mimi ningekifanya kwa vyovyote.

Halafu jambo la bwawa la mkonge nisingeliacha. Kukojoa damu utotoni ukanda wetu huu ni kichocho mpaka ithibitike vinginevyo. Minyoo inakaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu, mayai yanatoboa ukuta, ndio unaona damu na protini kwenye kikaratasi, mtu anatibiwa UTI mara tano na haiponi. Ya utotoni kwa mzee wa miaka 69 huenda yalishakufa zamani, ila yanaacha makovu na chokaa kwenye kibofu na mirija, altrasaundi inaonyesha. Na kibofu kilichokaa na kichocho miaka mingi kinaweza kupata saratani yake, tofauti na ya tezi dume, kwahiyo kama damu inaendelea baada ya mpira kutoka na UTI kuisha, kibofu kichunguliwe kwa kamera.

Moja la kuwa nalo makini: kuna vipimo vya protini za saratani ya kibofu kwenye mkojo, kama NMP22 na BTA. Ukiambiwa umpime mzee sasa hivi ulizia kwanza, maana UTI, mawe na damu tu vyenyewe vinaweza kuvifanya visome chanya.

mwana_ngamiani

Nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na mama kwa simu. Amekula wali kidogo. Allah awalipe.

Nina maswali. Je baiskeli inapandisha PSA? Maana shangazi sasa kageukia baiskeli anataka iuzwe. Na mkojo wa kichocho nao unachukuliwa asubuhi?

dada_wa_maabara

Baiskeli msiiuze. Kiti cha baiskeli kinagandamiza pale tezi ilipo na madaktari wengi hushauri mtu asiendeshe siku mbili kabla ya kutolewa damu ya PSA, vilevile asikutane na mkewe siku hizo mbili, basi. Haisababishi saratani na mzee wa Tanga ukimnyang'anya baiskeli umemnyang'anya miguu.

Mkojo wa kichocho ni kinyume na wa albumini. Mayai yanatoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwahiyo aje saa sita hivi, atembee kidogo kwanza, na yale matone ya mwisho ndio ya thamani, watu wengi wanaleta ya mwanzo wanamwaga ya mwisho. Tunachuja mililita 10 kwenye kichujio, tunaangalia kwenye hadubini, yai lina mwiba mmoja kwenye ncha, ukiliona mara moja hulisahau. Likionekana anapewa prazikwanteli kwa uzito wake.

babu_Raskazone

Mwanangu, mimi nina miaka 74 na hilo la baba yako limenipita mwilini. Yangu ilisoma 9.8, nikiwa na homa na mkojo unaunguza. Nilikaa siku tatu sisemi na mtu, nikaandika wasia, nikamwita mdogo wangu nikamwonyesha mipaka ya shamba. Daktari mmoja kijana sana, umri wa mjukuu wangu, akavuta kiti akakaa, akaniambia babu hii namba imechukuliwa nyumba ikiwa inaungua, tuzime moto kwanza ndio tuhesabu vyombo. Nikanywa dawa wiki nne. Baada ya miezi miwili ikasoma 4.1 na mpaka leo inacheza hapohapo.

Nakuomba mwambieni mzee ukweli. Kumficha kunatesa zaidi. Sisi wazee tunaziona nyuso zenu mkiingia wodini, tunajua kuna kitu, na lile la kufikiria peke yako usiku ndio baya. Mwambie kipimo kimesoma juu, kinaweza kuwa hiki au kile, tutarudia tarehe fulani. Ataweza.

mwana_ngamiani

Babu nimekusikia. Jioni hii nimemwambia. Alikaa kimya akaniuliza "sasa hiyo wiki ya sita inaangukia lini?" tukahesabu kwa vidole, akasema ni baada ya msimu wa kamba, sawa. Alhamdulillah.

mwana_ngamiani (baada ya wiki 8)

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi, samahani nimechelewa kidogo.

Mkojo ulioteshwa ukaota E. koli, akapewa dawa kulingana na majibu. Mpira ulikaa siku 9, wakampa tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, siku tatu kabla ya kuutoa, ulipotolewa tulikaa nje tunasubiri kama tunasubiri matokeo ya fomu foo, mzee akakojoa mwenyewe, nesi akapima kwa altrasaundi, mkojo uliobaki kibofuni ni kidogo. Kidole alikubali. Daktari kasema tezi kubwa, laini, haina kigumu.

Wiki ya saba akarudia vipimo, hajapanda baiskeli siku mbili. PSA 5.6. Sehemu ya PSA inayoelea huru kwenye damu ilikuwa asilimia 27. Altrasaundi tezi ni mililita 78. Kreatinini 104. Kichocho mkojo wa mchana mara mbili hawakuona yai, kibofu ukuta umenenepa ila hakuna chokaa. Damu kwenye mkojo hakuna tena. Albumini kwa kreatinini 46, presha sasa anakunywa dawa kila siku mama anamsimamia.

Daktari kasema kwa sasa hakati nyama, kamwongezea finasteraidi, arudi miezi sita. Lakini 5.6 si bado imezidi 4.5? Shangazi kaanza tena.

dada_wa_maabara

Alhamdulillah, nimefurahi mpaka nimewasomea wenzangu hapa kazini.

Mweleze shangazi hivi. Kumbuka mtungi, mkubwa unatoka jasho zaidi. Chukua 5.6 gawanya kwa 78, unapata 0.07. Madaktari huanza kuwa na wasiwasi zaidi ikifika 0.15, kwahiyo PSA ya baba inalingana na ukubwa wa tezi yake. Na ile asilimia 27, PSA ikiwa kati ya 4 na 10 ndio inasaidia kweli, ikizidi 25 uwezekano wa saratani unakuwa mdogo, ingeshuka chini ya 10 hapo ningekuwa naongea lugha nyingine. Ukichanganya na kidole, daktari wako amefikiri vizuri.

Hiyo albumini ya 46 usiisahau, irudiwe miezi mitatu ikitimia, mkojo wa asubuhi, presha ikiwa imetulia. Hapo ndio mtajua kama figo ilikuwa inauguza kidonda cha kubanwa au ina lake.

Kitu kimoja kikubwa zaidi ya vyote, naomba ukiandike kwenye daftari la mzee kwa kalamu nyekundu: tarehe aliyoanza finasteraidi. Hiyo dawa inaipunguza tezi na baada ya miezi kama sita PSA inashuka kwa karibu nusu, kwahiyo namba itakayosomwa lazima izidishwe mara mbili. Ikisoma 2.8 maana yake bado ni ileile 5.6. Ikisoma 5 watu wasiojua watashangilia imeshuka kumbe ni 10, imepanda. Karatasi ya maabara haitaandika hilo maana sisi tunapima tu kilichomo kwenye chupa, hatujui mtu anameza nini, kwahiyo siku ya kutoa damu amwambie na yule anayemchoma sindano.

mwana_ngamiani

Nimeandika. Tarehe, jina la dawa, na "zidisha mara mbili". Nimebandika na nyingine ukutani juu ya pale anapoegesha baiskeli, ndipo anapopaangalia kila asubuhi.